Si mwembe, ulikuwa mkarafuu

Kwanza ile sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp naomba ifutwe. Sahibu yangu, aliyenipeleka mwenyewe Pemba kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa vijana kumchokoza ng'ombe aliyefungwa kamba, kawaambia kuwa nilipanda mwembe huku nalia. Muongo. Ulikuwa mkarafuu. Na kulia nililia baadaye, nilipokwishafika chini.

Ugonjwa wangu mnaujua: kufagia. Unamfuata anayekwenda kwa kamera huku shata, kile kilango cha mwanga, iko wazi kwa muda, yeye atoke mkali, nyuma yake minazi na watu wavutike kama rangi ya brashi. Baiskeli za Darajani nishazizoea, 1/30 ya sekunde inatosha. Kwa ng'ombe nikataka makubwa, nikashuka 1/15.

Saa kumi jua bado kali. Aiso (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi 16 (namba ikikua, tundu linapungua), mita ya mwanga inanidai 1/125. Nikafunga filta nyeusi inayopitisha sehemu moja ya mwanga kati ya nane, ikaja 1/15 sawasawa. (Nyie mnaofunga tundu hadi 22 ili msinunue filta, acheni. Mwanga ukipenya kitundu kidogo hivyo unatawanyika, picha inalegea, na kila chembe ya vumbi kwenye sensa, kile kibao kinachonasa picha ndani ya kamera, inatoka kama ndui.) Kizuia mtikisiko nikakiweka kwenye namba mbili, kitulize juu na chini tu, maana kwenye namba moja kinagombana nawe ukigeuka. Miguu nikaielekeza pale nilipotaka picha ipigwe, kiuno nikakisokota kule ng'ombe anakoanzia, viwiko mbavuni. Unaanza kumfuata mapema, unabonya akifika usawa wa miguu yako, na ukishabonya huachi kugeuka. Hapo ndipo wengi huharibu.

Raundi ya kwanza ng'ombe alipita mbele yangu kama mita kumi, kulia kwenda kushoto, vijana wanamchokoza kwa kitambaa. Picha ishirini, mbili nzuri. Huo ni wastani wa heshima, asikudanganye mtu. Ng'ombe si baiskeli: kichwa kinapanda na kushuka, basi hata ukimfuata vizuri ubavuni, pembe zinatoka nne.

Raundi ya pili kaanzia kulia vilevile. Nikamnasa kwenye dirisha la kamera, nikageuka naye, nikabonya bila kuachia.

Wenye kamera za kioo mnajua. Kila ikipiga, kile kioo kinachokuonyesha picha dirishani kinainuka na jicho linaona kiza. Kwa 1/15 kiza hicho unakihisi kabisa. Basi:

Kiza. Mwanga: ng'ombe katikati ya fremu.

Kiza. Mwanga: ng'ombe katikati, na wala sihitaji kugeuka. Nikasema moyoni, mkono wangu leo umetulia, mashaallah.

Kiza. Mwanga: katikati vilevile. Kanenepa kidogo.

Hapa nisimame niwaulize. Kitu kinachopita ubavu kwa ubavu lazima ukigeukie. Kikitulia tuli kwenye dirisha huku kinakua, kinakwenda wapi? Mtoto wa darasa la pili angejibu. Mimi nimewafundisha watu jambo hili, tena kwa pesa.

Kiza. Mwanga: pua. Imelowa, inang'aa. Nikahamisha fokasi kwenye jicho.

Kiza. Nyuma yangu mzee anapiga kelele: "We mwana wee! Kakata kamba!" Nikamjibu, wallahi nilimjibu, "Subiri mzee, natoa moja."

Mwanga: hakuna ng'ombe. Manyoya meusi matupu, fremu nzima. Nikadhani kioo kimekwama juu. Jicho la kushoto, ambalo kila siku nawaambia wanafunzi wasilifumbe, nilikuwa nimelifumba. Nikalifumbua.

Yakhe.

Nilikimbia, nikaparamia mti wa kwanza, tawi likakatika, nikaja nalo. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Wapemba wanajua, mimi wa mjini ndiyo nimejua. Ng'ombe mwenyewe alinipita akaenda kula majani. Kiwiko kimefungwa, filta imepasuka, lenzi salama. Basi, yameisha.

Usiku nikafungua picha. Zile za mwisho ng'ombe katoka kama anavimba, kingo zimetanuka pande zote. Nyuma yake kila mnazi umesimama wima, mkali kama picha ya pasipoti, kwa kuwa kamera haikugeuka hata kidogo. Waliovutika ni watu: wanakimbia kushoto na kulia, kanga na kofia zimekuwa mistari mitupu. Uwanja mzima ulikuwa kwenye mwendo isipokuwa minazi na mimi.

Halafu kuna moja ya mwisho kabisa, ambayo sikumbuki kuipiga. Ndiyo ile niliyoiweka mtandaoni jana: mistari ya kijani kutoka juu kwenda chini na kipande cha mbingu. Ilikuwa nyeusi kwa kivuli cha mti, nikaiinua mwanga kwenye kompyuta. Mnaisifu sana, na mnaniuliza ni ufundi gani ule.

1/15, mkono mmoja, kidole kimeganda kwenye kitufe, mpigaji anateremka na tawi.