Kusajili taasisi ya marehemu ndiyo kazi nyepesi

Mwandishi wa makala kuhusu taasisi za kuwaenzi marehemu anasema eti familia ikishapata cheti cha usajili, taasisi ya kumuenzi marehemu wao imeshasimama! Hapo simuungi mkono. Cheti ndicho chepesi: mnateua wadhamini, mnaandika katiba, mnakwenda RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Tanzania) au kwa Msajili wa NGO, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kasheshe huanza waliotoa rambirambi wakisharudi kwenye shughuli zao, huku ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zinadaiwa vilevile. Sisi tulipofiwa na dada yetu, mwalimu wa msingi, baba mdogo alitaka taasisi kamili yenye ofisi, nembo na fulana (fulana hazikosekani). Shangazi akauliza tu: kodi ya pango atalipa nani? Kimya. Tukaamua kununua sare na madaftari kwa watoto wasiojiweza wa shule aliyofundisha, mwalimu mkuu anatupa majina, risiti zinawekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hatuna muhuri wala bodi, na watoto wanasoma. Wenzetu wa Pwani na Visiwani wana wakfu (mali inayotengwa kwa ajili ya hisani) tangu zamani: nyumba au shamba la minazi linawekwa kwanza, pato lake ndilo linaloendesha madrasa au kisima, na Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia. Kuna msomaji ambaye taasisi ya familia yake imedumu bila mfadhili wa nje? Fedha mnazitoa wapi?