Kura ya Mama Asiyejua Kiingereza

Mnamo Julai 9, 2025, Rais Donald Trump aliwaandalia chakula cha mchana Ikulu marais watano wa Afrika. Joseph Boakai wa Liberia alipomaliza kusema, mwenyeji wake alimsifu kwa Kiingereza kizuri, akamuuliza alijifunzia wapi kuzungumza vizuri namna ile. Liberia ilijitangazia uhuru mwaka 1847 ikiongozwa na watu weusi waliotoka Marekani, na Kiingereza ndiyo lugha yake rasmi. Kwa hiyo mzee yule wa miaka 80 alikuwa akipongezwa kwa kuongea lugha ya dola yake mwenyewe. Serikali ya Liberia ilisema baadaye kwamba haikuona tusi lolote, na si haki yangu kuumia kwa niaba ya watu ambao wenyewe wamesema hawakuumia. Hata hivyo swali lile nalifahamu. Ninafanya kazi ya ukalimani hapa Marekani, kati ya Kiswahili na Kiingereza, nami nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kutambua kinachotangulia: mtu amekwisha kunitazama uso na kunipangia kiwango changu, kisha sauti yangu ikamshangaza.

Itakuwa dhuluma kulifanya jambo hili kuwa la chama kimoja. Mwaka 2007 Joe Biden, alipokuwa seneta wa chama cha Democratic, alimwelezea Barack Obama kuwa ni Mmarekani mweusi mwenye ufasaha, akili na usafi, kana kwamba mambo hayo yalihitaji kutangazwa kwa msomi wa Harvard. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba Harry Reid, kiongozi wa chama hicho hicho katika Seneti, alikuwa ameona Obama anaweza kushinda kwa sababu, pamoja na mambo mengine, hazungumzi kwa lafudhi ya watu weusi ila anapotaka mwenyewe. Reid aliomba radhi, na Obama akazipokea. Wote wawili walikuwa wakimuunga mkono au wakaja kumuunga mkono mtu waliyemzungumzia, na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Kumkataa mtu kwa rangi yake ni aibu siku hizi, lakini kumpima kwa ulimi wake huhesabiwa kuwa busara ya kisiasa, na ubaguzi ambao ungefukuzwa mlangoni hukaribishwa ndani ukiwa umevaa vazi la lugha.

Historia ya nchi hii imejaa maneno yaliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Waliotunga katiba mwaka 1787 waliepuka neno mtumwa, wakaandika tu kwamba watu huru wahesabiwe kikamilifu na "watu wengine" wahesabiwe sehemu tatu kati ya tano. Neno utumwa liliingia katika katiba hiyo mwaka 1865, lilipoingizwa ili kupigwa marufuku. Miaka 25 baadaye jimbo la Mississippi lilitunga katiba iliyomtaka mpiga kura aweze kusoma kifungu chochote cha katiba hiyo, au akisomewa akielewe, au akifafanue ipasavyo. Sharti hilo halikutaja rangi ya mtu. Aliyeamua kama ufafanuzi umetosha ni karani wa uandikishaji, na karani huyo alikuwa mzungu, aliyekuwa huru kumpa mmoja sentensi nyepesi na mwingine ibara ndefu yenye kukanganya. Mwalimu mweusi aliweza kuambiwa hajaelewa, na mkulima mzungu asiyejua kusoma akapitishwa. Kufikia mwaka 1965 ni takriban asilimia 7 tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura waliokuwa wameandikishwa Mississippi. Mwaka huo Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilisimamisha mitihani hiyo na kuruhusu maofisa wa serikali kuu kuandikisha watu, na miaka miwili baadaye kiwango kilikuwa karibu asilimia 60. Watu wale hawakuwa wamejifunza kusoma katika miaka miwili. Walikuwa wameondolewa karani.

Kwa sababu hiyo sikuyapokea kwa utulivu maneno ya amri ya rais ya Machi 1, 2025, iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kufuta amri ya Bill Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali kuwawezesha wasiojua Kiingereza vizuri kupata huduma zake. Amri hiyo mpya haizilazimishi idara kuacha kutumia lugha nyingine. Inawaachia wakuu wake waamue. Wanaoitetea husema lugha moja huunganisha taifa, na hoja hiyo siidharau, kwa kuwa nimetoka Tanzania na ninajua Kiswahili kilivyotufanyia kazi hiyo. Tofauti ninayoiona ni kwamba taifa hili lilizaliwa likisema na watu wake kwa lugha zaidi ya moja. Azimio la Uhuru la Julai 1776 lilichapishwa kwa Kijerumani mjini Philadelphia siku chache tu baada ya kupitishwa, kwa sababu Pennsylvania ilikuwa na wakulima wengi Wajerumani na mapinduzi yaliwahitaji.

Mwaka 1975 Bunge liliongeza katika Sheria ya Haki za Kupiga Kura kifungu cha 203, kinachoyataka maeneo yenye raia wengi wasiojua Kiingereza vizuri kutoa karatasi za kura na maelezo kwa lugha zao. Ni sheria njema. Lakini inataja makundi manne tu: wenye asili ya lugha ya Kihispania, wenye asili ya Asia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Wabunge wa wakati ule walitegemea ushahidi waliopewa kuhusu makundi hayo, nami siwalaumu kwa kutowaona watu ambao walikuwa hawajafika. Leo wamefika. Kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2024 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa Marekani, wengi wao wakitokea kambi za Nyarugusu (Tanzania), Nakivale (Uganda) na Kakuma (Kenya), na Kiswahili ndicho wanachosemeshana sokoni na kanisani. Hata wakijaa mji mzima, kifungu cha 203 hakiwatambui, kama kisivyowatambua Wasomali, Wahabeshi wala Wahaiti.

Mwaka 2024 nilimsindikiza kwenye kituo cha kupigia kura mama mmoja Mkongo wa kabila la Wabembe, aliyefika hapa mwaka 2007. Alipata uraia kwa utaratibu unaomruhusu mtu wa miaka 55 au zaidi, aliyekaa miaka 15 akiwa mkazi wa kudumu, kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake, kwa hiyo ni mpiga kura halali asiyejua Kiingereza. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinampa asiyeweza kusoma haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi mmoja aliniangalia mimi, akaniuliza kama mama anaelewa anachokifanya. Nilimtafsiria mama swali lile neno kwa neno, maana ndiyo kazi yangu. Akajibu, "Mwambie, mwanangu, mimi niko najua ule mutu mi nataka. Kusoma tu ndiyo sijui."

Nakiri kwamba nilipoanza kazi hii nilikuwa nikiyasahihisha kimoyomoyo maneno ya Wakongo, "mutu" nikiligeuza kuwa "mtu", na nilidhani kwa hilo mimi ni msomi zaidi yao. Nilikuwa karani wa Mississippi katika lugha yangu mwenyewe. Siku ile nilimpelekea msimamizi jibu la mama kwa Kiingereza kizito kama lilivyokuwa zito kwake, kisha tukasoma karatasi nzima pamoja, pamoja na majina ya majaji wanaopigiwa kura, ambao watu wengi huwaruka, na kila jina aliniuliza huyu amefanya nini. Ilituchukua kama dakika 40. Uchaguzi ujao wa wabunge ni Novemba 3, 2026, naye amekwisha kuniambia nisipange safari wiki hiyo.