Faini ya milioni nne haimshtui mwenye kiwanda

Jamani hivi viwanda vinavyotoa moshi bila leseni au na leseni iliyoisha, kila vikitajwa utasikia watu ah hiyo ni karatasi tu, atalipa faini maisha yaendelee. Si karatasi! Leseni ndiyo inayomlazimisha mwenye kiwanda apime kinachotoka kwa chimni na apeleke majibu NEMA, yaani mamlaka ya mazingira ya Kenya, sasa kama haina nguvu nani anajua kinatoka nini? Na wewe jirani ndio unavuta.

Angalieni mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa. Kiwanda kilianza 2007, kinayeyusha betri kuukuu za gari kutoa madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Vumbi linatua juu ya mabati, mvua ikinyesha watu wanakinga maji kutoka paa hilohilo, watoto wanacheza mchanga uleule wanatia vidole mdomoni. Risasi ikiingia kwa damu ya mtoto inaharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema hakuna kiwango salama, hata kidogo. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo, mtoto wake mwenyewe akapatikana na hiyo sumu ndio akaanza kupiga kelele, na bado kiwanda kilikuja kufungwa 2014.

Halafu kesi sasa. 2020 korti ya mazingira ikawapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha, na taasisi za serikali zikaambiwa zichangie kulipa, yaani kodi yetu sisi.

Weka hiyo bilioni kando ya sheria yetu. EMCA, ile sheria ya mazingira, ilivyorekebishwa 2015, makosa mengi faini yake ni shilingi milioni mbili mpaka nne, au jela mwaka mmoja mpaka minne. Kiwanda kikubwa kinashtuka nini na milioni nne?

Mimi nasema faini ihesabiwe kwa siku, kuanzia siku leseni ilipoisha si siku aliposhikwa, na mitambo izimwe mpaka moshi upimwe. Wafanyakazi je? Walipwe mshahara wao wote kipindi kimefungwa, kosa si lao, tena wao ndio wanaovuta huo moshi kabla ya mtu yeyote. Na kila mwezi majina ya viwanda ambavyo leseni imeisha yabandikwe kwa ofisi ya chifu, wakaazi wasome wenyewe.