Wachezaji wa zamani: Uingereza kwa tiketi, Bongo kwenye kijiwe

Ndugu na marafiki waliobaki nyumbani wanaamini kwamba ukiishi Uingereza unapishana na magwiji wa soka kila kona. Si kweli. Mtu wa Kariakoo au Magomeni ana nafasi kubwa zaidi ya kukaa benchi moja na mzee aliyevaa jezi ya Taifa Stars kuliko sisi wa huku tulivyo na nafasi ya kumsalimia aliyeichezea England. Huku mkutano umepangwa, umelipiwa na unaacha ushahidi. Nyumbani unatokea wenyewe, ni bure, na ukiisha umeisha. Kwa maoni yangu sisi Watanzania ndio tuliobarikiwa zaidi, na ndio tunaoiachia baraka hiyo ipotee.

Nianze na huku, maana wengi hawajui mambo yanavyokwenda. Klabu kubwa zinauza ziara za uwanja ambazo mwenyeji wake ni mchezaji wa zamani. Arsenal wana ziara ya aina hiyo, na Charlie George, aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Liverpool kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1971 kisha akalala chali kwenye nyasi, ni mmoja wa walioiongoza. Liverpool nao wana kikao cha maswali na majibu na gwiji pale Anfield. Unanunua tiketi mtandaoni mapema, kwa bei ya juu kuliko ya ziara ya kawaida, unapangiwa saa, mnaingia kwa kundi. Mwishoni inapangwa foleni ya picha na sahihi.

Wengi wanaharibu kwenye foleni hiyo. Wamekaa na swali lao tangu mwanzo, wanasubiri zamu ifike ndipo waulize, na zamu yenyewe haizidi nusu dakika: msimamizi yuko pembeni anahesabu watu, mwenye simu nyuma yako anataka kupiga picha. Swali liulize mnapotembea, pale kati ya chumba cha kubadilishia nguo na njia ya kutokea uwanjani, ambapo mzee hana kazi nyingine ya mikono. Hapo hata asiyependa maneno mengi atasimama akuoneshe kwa kidole alipokuwa akikaa na nani alikuwa jirani yake.

Siku ya mechi wachezaji wa zamani huwekwa kwenye kumbi za wageni waliolipia chakula, wakipita meza moja baada ya nyingine. Hiyo ni ghali, na sioni sababu ya Mtanzania wa kipato cha kawaida kujikamua kwa ajili yake. Nenda madaraja ya chini. Kwenye klabu ndogo, baa ya klabu mara nyingi iko wazi kwa yeyote aliyeingia na tiketi, na nahodha wa miaka ya 70 anakaa palepale baada ya filimbi ya mwisho. Utamjua kwa jinsi kila anayeingia anavyompitia kwanza. Huko ndiko Uingereza inakofanana na kwetu, na ajabu ni kwamba watu wetu huku hawaendi, wanabanana kwenye vikundi vya kusaka tiketi za klabu sita kubwa zilezile.

Njia nyingine ni barua, na bado inafanya kazi. Unamwandikia mchezaji kupitia klabu yake ya zamani: ukurasa mmoja, mwandiko unaosomeka, unataja mechi moja au bao moja unalolikumbuka. Ndani unaweka picha mbili, moja ya kusaini na nyingine abaki nayo, kipande cha kadibodi ili zisikunjike, na bahasha ya pili yenye stempu na anwani yako ili asiingie gharama. Anayesahau stempu asimlaumu mtu. Kwetu njia hii ni ngumu, kwa sababu barua inaishia kwenye sanduku la posta la ofisi au shule na mzee mwenyewe anaweza asiwe na sanduku. Lakini kwetu haihitajiki: unamuuliza kinyozi, anakuelekeza mpaka mlangoni.

Kuhusu sahihi yenyewe, kwa kuwa ndiyo watu wanayoililia. Kalamu ya kawaida haifai kwenye picha inayong'aa; inaruka na kuacha mikwaruzo. Tumia maka peni ya wino usiofutika: nyeusi au bluu kwa jezi nyeupe, ya rangi ya fedha kwa jezi nyekundu iliyokoza au ya kijani. Ingiza kadibodi ndani ya jezi ili kitambaa kinyooke, la sivyo wino unasambaa na jina linakuwa doa. Akisaini juu ya namba ya mgongoni sahihi inapendeza, ila subiri dakika kadhaa ikauke, maana ukiikunja mapema inahamia upande wa pili. Baada ya hapo jezi haifuliwi wala haitundikwi ukutani panapopiga jua. Na usishangae akikuuliza jina lako. Wapo wanaosainisha vitu kumi na kuviuza mtandaoni, kwa hiyo wengi huandika jina la shabiki juu ya sahihi ili kitu kisiuzike kirahisi. Majina yetu, Mwajuma, Nkwabi, Lugendo, wanayakosea. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi na umpe kabla hajashika maka.

Utaratibu wote huu haukutokana na kwamba Waingereza ni watu wema kuliko sisi. Umetokana na aibu. Mpaka mwaka 1961 mchezaji wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Tom Finney, winga wa Preston na England ambaye wengi wanamweka kati ya wachezaji bora wa nchi hiyo, alikuwa fundi bomba. Nobby Stiles, bingwa wa dunia wa mwaka 1966, aliuza medali zake mwaka 2010, na Manchester United ndiyo iliyonunua ile ya Kombe la Dunia ikaiweka kwenye jumba lake la makumbusho. Kuona haya ndiko kulikofanya watu wajipange. Wachezaji wa zamani wa Manchester United waliunda chama chao mwaka 1985. Everton wana mfuko wa hisani wa kuwasaidia wachezaji wao wa zamani wenye shida za afya na za fedha, ulioanza mwaka 1999. Ukilipia ziara au chakula cha jioni na gwiji, sehemu ya fedha inamfikia mtu aliyeupiga huo mpira. Hilo ndilo ninalowaonea wivu, wala si vioo na mazulia.

Lipo na suala la kichwa. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi wa kisheria wa kifo chake uliamua kwamba kilitokana na kazi yake, yaani kuupiga mpira kwa kichwa mara nyingi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitoa matokeo kwamba wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo. Mashabiki wa huku wamejifunza kutokana na hilo namna ya kuongea na mzee. Hawaanzi na "unanikumbuka?" Hawamsahihishi akichanganya mwaka. Wanataja majina ya wenzake, wanamwekea mkononi picha ya kikosi, wanamwacha atafute mwenyewe. Scotland wana vikundi vinavyowakutanisha wazee wenye maradhi ya kusahau na picha za mpira wa zamani, na mtu asiyekumbuka alikula nini asubuhi anaweza kukutajia safu ya mbele ya timu yake bila kukosea.

Sasa twende nyumbani. Kwetu unampigia mzee shikamoo, unamwita kwa jina lake la uwanjani, na mazungumzo yameanza. Mtaje Juma Pondamali kwa "Mensah" au Sunday Manara kwa "Kompyuta" uone watu wa umri wao wanavyonyanyua vichwa kwenye kijiwe cha kahawa. Mzungu anapewa dakika kumi za historia zilizofanyiwa mazoezi, mzaha uleule kila Jumamosi. Wewe unapewa saa mbili ambazo hakuna aliyezipanga, na ndani yake ubishi, kwa sababu pembeni amekaa mzee mwingine aliyekuwapo uwanjani siku hiyo na anakumbuka tofauti. Kumbukumbu ya mpira inajengwa na ubishi wa aina hiyo, na haiuzwi kwenye ziara yoyote ya Ulaya.

Lakini tunaitumiaje? Tunauliza "Simba na Yanga nani zaidi?" au "wachezaji wa leo mnawaonaje?", na mzee anatoa jibu alilolitoa mara mia. Uliza jambo dogo lenye mahali na saa. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia palepale nyumbani Dar es Salaam, kisha ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Ukimpata aliyekuwamo kwenye kikosi kile, achana na "mlijisikiaje". Muulize baada ya zile nne nani alikuwa wa kwanza kufungua mdomo chumbani. Muulize walisafirije, walilala wapi, walikula nini kabla ya mechi. Vivyo hivyo kwa bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979 lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria: mpira ulitoka kwa nani, beki alisimama wapi. Ilituchukua mpaka 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Miaka 39, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kikosi kile cha 1980 imo kwenye vichwa vya wazee ambao kila mwaka wanapungua. Aliyeziona zile tano za Yanga dhidi ya Simba mwaka 1968 akiwa na miaka 15 sasa amepita 70.

Simu uliyonayo mfukoni inatosha kuhifadhi. Omba ruhusa kwanza, na mwambie sauti itakwenda wapi. Toka kijiweni, kaeni ndani au chini ya mti mbali na barabara. Zima feni na redio, maana feni ndiyo inayoua rekodi nyingi. Zuia simu isipokee wito, ilaze juu ya kitambaa umbali wa kama sentimeta 30 kutoka mdomoni mwake. Mwanzoni ataje mwenyewe jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, timu alizochezea na namba aliyokuwa akicheza. Kisha nyamaza. Kosa kubwa la mashabiki ni kumalizia sentensi za mzee kwa sababu hadithi wanaijua. Dakika 40 zinatosha kwa siku. Akichoka, rudi wiki ijayo. Nakala ya pili mpe mjukuu wake siku hiyohiyo. Tarehe na matokeo yakague baadaye kwenye magazeti ya zamani, Uhuru na Daily News, ambayo maktaba kubwa za Dar es Salaam zinayo. Yakipishana na aliyosema, acha yote mawili, usimfute.

Na tumlipe. Hapa ndipo ninapokerwa na sisi wenyewe. Mchezaji akifariki tunajaa msibani, viongozi wanatoa rambirambi, redio zinapiga simulizi siku tatu. Akiwa hai tunamwalika kwenye bonanza la maveterani Jumapili asubuhi na kumwachia ajitafutie daladala. Ukimwalika mzee, kubalianeni kiasi kabla, kiandikwe hata kwenye ujumbe wa simu, na bahasha aipate akifika, asiisubiri jua likiwa linazama huku anamtafuta mratibu aliyezima simu. Usafiri uwe wa kwenda na kurudi. Kama atacheza, vipindi viwe vifupi, dakika 20 au 25, maji yawe karibu na awepo mtu anayejua huduma ya kwanza, kwa sababu mtu wa miaka 60 akiona mpira na watu wanashangilia anasahau umri wake.

Tulio nje tunaweza kuanza na jambo moja. Matawi yetu ya mashabiki wa Simba na Yanga huku yanachanga kwa ajili ya sherehe, jezi na mapokezi. Sehemu ya mchango huo ingelipia meza moja ya wakongwe wakati wa Simba Day na nyingine wakati wa Wiki ya Mwananchi: viti vinne chini ya turubai, saa mbili kabla ya kutambulisha wachezaji wapya, picha kubwa ya kikosi chao nyuma yao, maka peni mbili, kijana mmoja wa kurekodi na mmoja wa kupanga foleni. Shabiki alipe kidogo kwa sahihi, fedha igawanywe palepale kwa waliokaa mezani, na salamu ibaki bure kwa kila mtu.