Ukelele haukumuua Dean, alishakufa saa kadhaa kabla

Kila mgombea wa Marekani akiporomoka ghafla lazima atokee mtu wa kuirusha tena ile klipu ya Howard Dean, aliyekua anasaka tiketi ya urais ya chama cha Democrats 2004, anapiga ukelele jukwaani, eti sekunde chache tu zikammaliza jamaa. Hapana jamani. Jamaa alikua keshaanguka kabla hajafungua mdomo.

Turudi 2003. Dean ni daktari, alikua gavana wa Vermont, kajimbo kadogo kule kaskazini mashariki, nje ya hapo wengi hata hawamjui. Ila wakati vigogo wa chama kama seneta John Kerry, mpinzani wake, walishapiga kura ya kumruhusu Rais Bush aende vitani Iraq, yeye anapinga vita waziwazi, vijana wakamuelewa. Facebook hakuna, Twitter hakuna, watu wanamchangia vidola vyao kwenye tovuti mpaka mwaka unaisha kashakusanya kama dola milioni 40. Kuna siku ya Julai Dick Cheney ana mlo wa kuchangisha, sahani moja dola 2,000, Dean akakaa zake mbele ya kompyuta anakula sandwichi ya bata mzinga anaomba michango, na akamzidi makamu wa rais! Hiyo huwa inanichekesha kila nikiikumbuka. Desemba Al Gore, mgombea urais wa Democrats wa 2000, nae akamuunga mkono, watu wakaona mchezo umeisha.

Sasa njoo Iowa, jimbo lililoanza kuchagua mgombea wa chama. Kule Democrats walikua hawatumbukizi karatasi kwenye sanduku na kwenda zao, wanakutana usiku wa Januari, baridi kali, mashuleni na makanisani, wanasimama kimakundi, kila mgombea na kundi lake, mbele ya majirani, na kundi lisilofika asilimia 15 mara nyingi linavunjika watu wanaanza kuvutwa huku na huku. Yani anaekushawishi ni jirani yako, mnajuana. Dean akamwaga huko maelfu ya vijana wa majimbo mengine na kofia zao za rangi ya chungwa wagonge milango, hebu fikiria mzee wa watu na mahindi yake anafungua mlango anakutana na mtoto wa mbali anamwelekeza amchague nani. Hapohapo Dean na mgombea mwenzake Dick Gephardt wanachafuana kwenye matangazo ya TV mpaka wote wawili wakanuka, Kerry na mgombea mwingine, John Edwards, wakapita katikati kimyakimya. Tarehe 19 Januari 2004: Kerry asilimia 38, Edwards 32, Dean 18.

Ukelele ulikuja BAADA ya hayo matokeo. Ukumbi umejaa, kelele kibao, yeye anawapa moyo watu wake, anayataja majimbo yanayofuata moja moja huku sauti inapanda, kisha ndo ukamtoka. Maiki aliyoshika inachuja kelele za watu, kwa hiyo kwenye TV unamsikia yeye tu kama kapagawa. Vituo vikairudia siku nzima, kesho tena, keshokutwa tena.

Ilimuumiza, sibishi. Jimbo lililofuata, New Hampshire, akawa wa pili, Februari baada ya kura za jimbo la Wisconsin akasimamisha kampeni, halafu Machi watu wa Vermont wakampa ushindi wakati keshatoka (nao wana mambo!).

2005 akawa mwenyekiti wa chama, akapeleka watu na hela majimbo yote 50, wakubwa wakamnunia eti anatapanya pesa. Miaka mitatu baadae Obama akachangisha mtandaoni vilevile, akafungua ofisi kila kona ya Iowa mapema kabisa, na Iowa hiyohiyo ikampa ushindi.