Panya Apapatikaye

Kuna neno la Kiingereza ninalolipenda kuliko linavyostahili: flittermouse. Ni jina la zamani la popo. Flitter ni kupapatika, kuruka huku na huko bila kutulia. Mouse ni panya. Lilikuwepo tangu karne ya 16, na kabla yake lilikuwepo reremouse, ambalo hata Shakespeare alilitumia. Siku hizi karibu wote wanasema bat tu, neno kavu ambalo pia ni jina la gongo la kriketi. Kwangu hiyo ni hasara.

Pingamizi nalijua: popo si panya. Yuko katika kundi lake mwenyewe la mamalia, lenye spishi zaidi ya 1,400, na ukoo wake uko mbali na wa panya. Sawa. Lakini mtazame pipistrelle, popo mdogo wa Uingereza: uzito gramu 5 hivi, manyoya ya kahawia, anapitapita juu ya ua wakati giza linaingia. Mkulima wa enzi hizo angemwita nini? Alitaja alichokiona. (Angekuwa Pemba, akakutana na popo wa kule ambaye mabawa yake yakitandazwa yanakaribia mita 1.6, panya asingemjia akilini.)

Wajerumani wao hawakuachana nalo. Fledermaus yao imeundwa vivyo hivyo, mpapatiko na panya. Mwaka 1942 chama chao cha wataalamu wa mamalia kilitaka kulisahihisha: panya aondolewe, abaki Fleder. Habari ikatoka gazetini Berlin, ikamfikia Hitler. Vita vimepamba moto, naye akapata muda wa kukasirikia jina la popo! Kupitia msaidizi wake wa karibu, Martin Bormann, aliagiza mabadiliko hayo yafutwe mara moja, na akatishia kwamba wataalamu wasio na kazi ya maana zaidi wanaweza kupelekwa kwenye vikosi vya ujenzi huko Urusi. Jina likabaki. Inaniudhi kujikuta upande mmoja na mtu yule, hata kwa jambo dogo kama hili.

Sisi tuna popo. Ni tamu kulitamka, ila halimwambii mtoto chochote kuhusu mnyama mwenyewe; mpaka umkalishe umsimulie ile hadithi ya popo aliyejiita ndege mbele ya ndege, na mnyama mbele ya wanyama. Waingereza hadithi hiyo waliitia yote ndani ya jina, kisha wakaliacha liozee kwenye kamusi.