Ndege Iliyopanda Lori la Kabeji

Aero Club, klabu ya marubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ipo tangu 1927, lakini kurusha ndege za kweli ni mambo ya watu wenye ng'ombe wengi wa gredi. Mimi nilijiunga na wazee wa Njoro, wanaorusha ndege za rimoti kila Jumapili baada ya ibada. Ndege zenyewe zimeundwa kwa ile nyenzo nyeupe inayokuja ndani ya katoni la televisheni, na hutumia betri. Kuna mstaafu wa reli, mwalimu wa hesabu na daktari wa mifugo. Wote wanaitana kepteni. Mgeni huitwa abiria mpaka atue salama.

"Ikikuondokea, kulia kwako ndiko kulia kwake," Mwalimu alinifundisha. "Ikigeuka kukujia, mambo yanapinduka. Na hapa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, itatua kwa kasi kuliko Mombasa. Usiibembeleze, itaanguka."

Niliirusha vizuri sana, naomba hilo liandikwe. Kisha akatokea mwewe. Huyu amezoea vifaranga vya watu, akaona kimoja cheupe kisicho na mama. Akaishukia kwa nyuma, ndege ikayumba, ikanigeukia. Kulia au kushoto? Makepteni watatu walinipigia kelele majibu matatu. Ikavuka ua wa michongoma, ikatua juu ya lori la kabeji lililokuwa likienda Nakuru. Lori halikusimama.

Tulibanana kwenye boda, mstaafu katikati, mimi nyuma na rimoti. Mstaafu alikataa katakata niizime, ati hatutaisikia. Sasa, ndege ikipoteza mawimbi ya rimoti hujizima injini. Lori likituacha, kimya. Tukilikaribia, boda inaruka tuta, kidole changu kinasukuma kijiti, rafadha inaamka na kukatakata kabeji. Majani yalitupiga usoni njia nzima. Kijana wa boda akauliza kama hiyo ni mashine ya kachumbari.

Lori lilisimamishwa na askari wa barabarani. Mama mwenye kabeji alishuka, akatazama juu, akatutazama sisi.

Mstaafu akavua kofia. "Mama, Beryl Markham alilelewa hapa hapa Njoro. Mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake, akafika Kanada, akatua na pua ndani ya kinamasi. Mambo ya ndege ndivyo yalivyo."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwenye kinamasi alikuwa mpole," akasema. "Mimi nataka hela yangu."

Nilijaribu kueleza kwamba hakuna ubawa uliovunjika, kwa hiyo huko ni kutua salama, na mimi si abiria tena. Hakuna aliyenijibu, walikuwa wanahesabu kabeji. Zililipwa zote kwa pesa za kundi, na jioni ile kila kepteni alirudi kwa mkewe na gunia. Daktari wa mifugo, ambaye ndiye mweka hazina, alifungua daftari la matumizi, akafikiri kidogo, akaandika: mafuta ya ndege.